Toba na Kiwanja cha Mwenzako

Goba ilikuwa mashamba. Kabla lami ya Mbezi Mwisho hadi Tangi Bovu haijapita katikati yake, mtu wa Magomeni au Kariakoo alikwenda huko kutafuta shamba la mihogo, si kiwanja cha kujenga. Leo ni kata ya Manispaa ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni, na ardhi iliyokuwa ikiuzwa kwa heka sasa inauzwa kwa hatua: ishirini kwa ishirini, kumi na tano kwa ishirini, hata pungufu ya hapo. Mauziano mengi yalifanyika kwa karatasi moja tu. Ina majina ya majirani wa pande nne, mashahidi wa muuzaji na wa mnunuzi, saini ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mhuri, na pengine dole gumba la mzee asiyejua kuandika. Karatasi hiyo inatosha kumpa mtu amani ya kumwaga tripu mbili za mchanga na kufyatua tofali. Haitoshi kumzuia muuzaji kuandika nyingine, ya kiwanja hicho hicho, miaka minne baadaye, mbele ya mashahidi wengine.

Kila anayeishi pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Goba, Madale, Kivule au Chanika, anaijua habari hii. Mnunuzi wa kwanza, tuseme mwalimu au nesi aliyekopa saccos, anarudi baada ya msimu wa mvua na kukuta msingi wa mtu asiyemjua. Huyo wa pili naye ana karatasi, ana mhuri, ana mashahidi. Wanapelekana serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata, ambalo tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 linasuluhisha tu wala haliamui, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako shauri linaweza kula miaka. Muuzaji, wakati huo, keshaezeka nyumba yake na watoto wanasoma. Na Jumapili wote watatu wanaweza kuwa ndani ya kanisa moja. Mchungaji akiita, wanainua mikono pamoja. Akiongoza sala ya toba, wanaifuata neno kwa neno, na akimaliza anawatangazia kwamba wameoshwa na kuwa viumbe vipya.

Sina shaka na rehema inayotangazwa pale mbele. Mashaka yangu yako kwenye kile tunachokubali kukiita toba. Tangu mwanzo imani ya Kikristo imefundisha kwamba aliyemdhulumu mwenzake hajamaliza kutubu mpaka toba yake imfikie mwenzake huyo, na makanisa yetu, ya kila dhehebu, yameizoea mno toba inayoishia madhabahuni.

Yohana Mbatizaji alipohubiri kando ya Yordani, watu walimuuliza wafanye nini. Luka ameyaandika majibu katika sura ya 3. Mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo. Watoza ushuru wasitoze kupita kiwango walichopangiwa. Askari wasimdhulumu mtu, na waridhike na mshahara wao. Hakuna aliyeambiwa alie, hakuna aliyeambiwa ajisikie vibaya. Kila kundi lilijibiwa kwa kazi yake, mahali pale pale ambapo mkono wake ulikuwa ukiiba. Kama angehubiri Goba leo, dalali angejibiwa la dalali, shahidi wa kulipwa angejibiwa lake, na mwenyekiti mwenye mhuri naye lake.

Zakayo, yule mtoza ushuru, ni mfano unaohubiriwa sana, na mara nyingi tunaishia kwenye mkuyu. Tunafurahia ufupi wake na kupanda kwake mti, tunapita haraka kwenye hesabu zake: aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Torati ilikuwa na viwango. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinamtaka mkosaji anayeungama mwenyewe arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano. Malipo mara nne ni ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza, katika Kutoka sura ya 22. Zakayo, mtu mwenye leseni ya serikali, ambaye hakimu wa Kirumi asingemtia hatiani kirahisi, alijihesabu pamoja na wezi wa kondoo na kujitoza kiwango chao. Na alisema hayo Yesu akiwa tayari ameingia nyumbani kwake. Hakulipa ili apokewe. Alikuwa amekwisha kupokewa, na mali ya watu ikawa haimkai tena mkononi.

Mpangilio huo wa mambo ni wa maana sana, kwa sababu upo upande wa pili wa kosa. Yuda Iskariote naye alirudisha fedha. Mathayo anasema alijuta, akakiri kwamba amesaliti damu isiyo na hatia, akavirudisha vipande 30 vya fedha kwa makuhani. Ukipima kwa kipimo cha malipo peke yake, Yuda alifanya zaidi ya Petro, ambaye hakurudisha chochote, alitoka nje akalia. Lakini Yuda aliipeleka fedha kwa waliomlipa, ambao nao walimjibu kwamba hayo ni yake mwenyewe, kisha akaenda kujinyonga. Hakuwa na mtu wa kumrudia. Petro alikuwa naye, na alfajiri moja kando ya ziwa aliulizwa mara tatu kama anampenda yule aliyemkana mara tatu. Majuto bila tumaini la kupokewa humgeuka mtu na kumla. Wachungaji na mapadri wanaokaa na watu usiku wanajua kwamba wapo wanaohitaji kusikia hili kuliko kusikia lolote kuhusu fidia.

Kanisa la kale lilichukua muda kupanga haya. Mwaka 390, Kaisari Theodosio alipokuwa ameamuru mauaji ya maelfu ya watu Thesalonike, Askofu Ambrosi wa Milano alimnyima ushirika mpaka afanye toba hadharani, na kaisari akaifanya. Agostino, askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, alimwandikia ofisa wa Kirumi aliyeitwa Makedonio mwanzoni mwa karne ya 5, na katika barua hiyo, inayohesabiwa kuwa ya 153, alisema bila kuzunguka kwamba mtu mwenye uwezo wa kurudisha alichoiba asiporudisha, toba yake ni ya kujifanya. Huyo ni Mwafrika akizungumza, miaka 1,600 iliyopita, juu ya mali ya watu.

Baadaye maungamo yakahamia sikioni mwa padri. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, ukamtaka kila Mkristo mwenye umri wa kutambua aungame walau mara moja kwa mwaka. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ukasema mwenye kutubu anatakiwa kuwa na majuto, maungamo na malipizi, ukatenganisha majuto kamili, yanayotoka katika kumpenda Mungu, na majuto yasiyo kamili, ya kuuona ubaya wa dhambi au kuiogopa jehanamu. Mkatoliki wa Goba aliyefundishwa katekisimu anayakumbuka maneno hayo. Asichokikumbuka mara zote ni kwamba Rozari tatu alizopewa kama malipizi hazikifuti kiwanja cha watu. Mafundisho ya Kanisa lake yanataka kilichoibwa kirudishwe, na padri anaweza kusaidia kirudi bila jina la mwizi kujulikana, maana siri ya maungamo haivunjwi.

Martin Luther alianzia hapo hapo. Hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517 ni kwamba maisha yote ya mwamini yanapaswa kuwa toba. Alikuwa akipinga hati za rehema zilizouzwa na kuwafanya watu waamini kwamba jambo limekwisha wakishalipia. Warithi wake hapa kwetu, Walutheri na Wapentekoste pia, wanaweza kujiuliza kama sala ya dakika mbili, inayorudiwa kila Jumapili na watu wale wale kwa dhambi zile zile, haijawa hati ya namna hiyo, tofauti yake ikiwa ni kwamba haina bei.

Afrika Mashariki haikosi mfano wa toba iliyotoka nje ya kanisa ikatembea. Mwaka 1929, Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akihudumu hospitali ya Gahini mashariki mwa Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 Gahini ikawa chemchemi ya Uamsho uliovuka kwenda Uganda, Burundi na Kenya, na mwaka 1939 ukaingia Tanganyika kupitia chuo cha ualimu cha Katoke, upande wa Bukoba. Wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza Yesu ulitangulia mahali ambapo wahubiri walikuwa hawajafika. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, alikuwa tunda la Uamsho huo.

Walokole wa mwanzo, yaani watu wa Uamsho huo, waliitaja dhambi kwa jina lake. Hawakusema “nimekosa kwa mawazo, maneno na matendo” wakaishia hapo. Walisema niliiba, niliiba kwa nani, na kiasi gani. Kisha walirudisha walichoiba. Shuka na dawa zilirudi hospitalini, vifaa vilirudi kwa waajiri, ng'ombe walirudi mazizini kwa wenyewe, kodi iliyokwepwa ilipelekwa bomani kwa makarani ambao hawakujua waiingize kwenye daftari gani. Majirani wapagani na Waislamu, ambao mahubiri hayakuwahusu, walikiona kitu ambacho hakikuhitaji kuelezwa: mtu alikuja mwenyewe, mchana, na mali yao mkononi.

Festo Kivengere, aliyeokoka Kigezi mwaka 1941 na baadaye akafundisha Dodoma kabla ya kuwa askofu, alisimulia kwamba katika siku zake za kwanza za wokovu alipanda baiskeli, akaenda safari ndefu hadi kwa Mwingereza aliyekuwa akimchukia, akamwomba msamaha kwa chuki hiyo. Wakati huo Waafrika wengi walikuwa na sababu za kutosha za kuwachukia Waingereza. Yeye hakwenda kuzikana sababu hizo. Alikwenda kutoa sehemu yake.

Sitaki kuuchora Uamsho kama enzi ya dhahabu. Watu walianza kuungama kwa kushindana, wengine wakawa hodari zaidi kutaja dhambi za wenzao kuliko zao. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26 wa Uamsho, akiwamo William Nagenda, katika mvutano uliochanganya ibada za alfajiri, lawama kwa walimu na ukaidi wa pande zote mbili. Na liko swali zito kuliko hilo. Nchi ya Gahini ndiyo nchi ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Wakristo waliua Wakristo, wengine ndani ya makanisa. Waliokuwa wamezoea kuungama wizi wa shuka na ulevi hawakuwa wamezoea kuungama kwamba wamemdharau jirani kwa sababu ya kabila lake, maana hiyo haikuwa kwenye orodha ya dhambi.

Baadaye Rwanda ilifungua mahakama za gacaca, ambazo hadi zinafungwa mwaka 2012 zilikuwa zimesikiliza kesi karibu milioni 2. Aliyekiri, akaeleza alichofanya, akawataja aliokuwa nao na kuomba msamaha, alipunguziwa adhabu. Wakosoaji walisema, na walikuwa na haki, kwamba wengi walikiri kwa kupiga hesabu ya miaka ya kifungo. Hayo ni majuto yasiyo kamili kama Trento ulivyoyaeleza, pengine pungufu zaidi. Hata hivyo, kutokana na maungamo hayo mjane aliambiwa shimo liko wapi, akafukua, akazika. Mimi napima jambo hili kwa kumtazama yeye. Ukamilifu wa majuto anaujua Mungu. Mjane aliyekuwa akitafuta mifupa ya mumewe alipata mifupa, kutoka kinywani mwa mtu ambaye huenda moyo wake haukuwa safi.

Turudi nyumbani. Makanisa mengi ya Kiprotestanti nchini yana utaratibu wa kumtenga mshirika na baadaye kumrudisha kundini. Unaanzia kwa wamisionari na una msingi mzuri, kwa sababu unasema dhambi ya mmoja ni jambo la wote. Lakini tazama nani anasimamishwa mbele ya usharika. Ni binti aliyepata mimba kabla ya ndoa. Ni mume na mke wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa. Kijana aliyempa binti yule mimba mara nyingi yuko kwaya, anaimba. Sijapata kusikia mzee wa kanisa akitengwa kwa kuuza kiwanja mara mbili, ingawa kesi zake zinajulikana mtaa mzima. Dhambi za mwili zinaonekana kwa tumbo. Dhambi za mali zinaonekana kwa nyumba nzuri, na mwenye nyumba nzuri anaombwa awe mwenyekiti wa kamati ya ujenzi.

Sadaka ina sehemu yake katika hili, na ni sehemu inayoniuma. Yesu, katika Mathayo sura ya 5, anamtaka aliyekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka pale pale na kwenda kwanza kupatana. Ni kati ya maagizo yake yaliyo wazi kabisa, na ni kati ya yale ambayo siyaoni yakitekelezwa popote. Sijaona ibada ikisimama mtu atoke. Bahasha ya shukrani kutoka kwa aliyeuza kiwanja cha watu inapokewa, inaombewa, jina linasomwa. Wakati huo mwalimu aliyetapeliwa ameketi viti vitatu nyuma yake na mkopo wa saccos unaendelea kukatwa kwenye mshahara.

Halafu huyo mwalimu anaombwa kusamehe. Muuzaji ametoa ushuhuda, amelia, wazee wanamwendea mwalimu kumwambia ndugu yako ametubu, fungua moyo, usilete kesi, utaliaibisha kanisa. Hapo toba ya mmoja imegeuzwa kuwa mzigo wa mwingine. Kusamehe ni agizo, sikatai. Lakini anayesamehe anaachilia kisasi na chuki, hajalazimika kuachilia kiwanja. Anaweza kumsamehe mtu kwa moyo wote na bado Jumatatu akaenda kwenye Baraza la Ardhi na karatasi yake, bila dhambi yoyote.

Watu huleta hapa hoja ya mwizi msalabani. Hakurudisha kitu, hakupata muda wa kumwomba mtu yeyote radhi, na bado aliahidiwa peponi siku ile ile. Ni kweli, na ni faraja ya kila anayefia kitandani na madeni asiyoweza kuyalipa. Lakini mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari. Kile kidogo alichoweza bado alikifanya: alikiri kwamba adhabu yake ni ya haki, akamtetea mtu asiye na hatia aliyekuwa akitukanwa pembeni yake. Muuzaji wa Goba mikono yake iko huru. Ana nyumba, ana pikipiki mbili za biashara, ana kiwanja kingine Kibamba. Akisema hana namna, tumsikilize baada ya kuviona vyote hivyo vikiwekwa mezani. Kama kweli hana, basi alipe kidogo kidogo, aende barazani kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe, awaambie wanunuzi wote wawili kwa kinywa chake nani aliuziwa kwanza. Ushahidi huo peke yake ungemaliza kesi ambayo ingekaa miaka sita.

Ugumu unaongezeka wahusika wanapokufa. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akasema anaona aibu, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyafanya katika vita vya 1905 hadi 1907, ambavyo pamoja na njaa iliyofuata vinakadiriwa kuua hadi watu 300,000. Alikutana na wajukuu wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, na ambaye ukoo wake unaamini kichwa chake kilichukuliwa kupelekwa Ujerumani. Aliahidi kwamba kitatafutwa, na akasema wazi kwamba hawezi kuahidi kitapatikana. Mwezi Septemba mwaka huo huo, taasisi ya makumbusho ya Berlin ilikuwa imetangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, na vipimo vya vinasaba vilikuwa vimewapata ndugu walio hai hapa Tanzania kwa mafuvu matatu. Steinmeier hakumnyonga mtu. Alizaliwa miaka 50 baadaye. Wapo waliouliza anatubu nini.

Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alilipanga swali hilo vizuri alipoandika juu ya kurudisha mali ya watu. Alisema mtu anaweza kuwajibika kwa sababu ya tendo la kuchukua, na anaweza kuwajibika kwa sababu ya kitu chenyewe alicho nacho, hata kama hakukichukua yeye. La kwanza linaishia kwa mkosaji. La pili linahama pamoja na kitu, liko kwa yeyote anayekishika.

Muuzaji wa Goba atakufa siku moja, atazikwa kwa heshima, na watoto wake watagawana nyumba, pikipiki na kile kiwanja cha Kibamba. Wao hawakuandika karatasi ya pili wala hawakuwatafuta mashahidi. Hawana dhambi ya kuungama katika jambo hili, na padri mwenye akili hatawapa malipizi kwa kosa la baba yao. Lakini hesabu ya mirathi ikifunguliwa, fedha ya mwalimu imo ndani yake, na mwalimu mwenyewe, kama yu hai, anakaa mtaa wa pili.